Waya wa Nyuma ya Stoo

Nyuma ya stoo yangu ya mahindi kuna waya wa kuanikia nguo ambao mpita njia hawezi kuuona. Niliufunga mwenyewe miaka mingi iliyopita, mke wangu aliponiomba. Tayari tulikuwa na waya mwingine mbele ya nyumba, mrefu, unaopata jua la asubuhi, lakini alisema anataka mwingine huku nyuma, kati ya nguzo ya stoo na mparachichi. Sikumuuliza wa nini. Nilichukua koleo na misumari, na kabla ya chai ya saa nne waya ulikuwa umekazwa. Nilijiona mume mwema. Mke ameomba, mke amepewa.

Upande ule jua halifiki vizuri. Nguo huchukua siku nzima kukauka, na miezi ya baridi, ukungu unaposhuka kutoka milima ya Nyandarua na kukalia Tetu yetu yote, zinaweza kulala hapo mbichi. Nilipaswa kujiuliza ni nguo gani mtu huanika mahali pasipo jua.

Heri niseme mapema kuliko msomaji akae akisubiri. Mke wangu alikuwa akitokwa na damu katikati ya mwezi, nje ya siku zake za kawaida, kwa muda mrefu. Aliniambia, na sikufanya lolote la maana. Alikufa kwa saratani ya mlango wa kizazi. Watoto niliwaambia mama yao ameuawa na ugonjwa wa tumbo, na hivyo ndivyo mchungaji alivyosema kaburini. Haya ninayoandika yanamhusu binti yangu zaidi kuliko mama yake, lakini hayaeleweki bila mama yake.

Aliniambia tukiwa tunachuma kahawa, yeye upande mmoja wa mti na mimi upande wa pili, kwa hiyo hatukuonana uso.

"Baba watoto, siku zangu zimechanganyikana," alisema. "Zinaisha vizuri, halafu katikati inakuja tena."

Mikono yangu haikusimama. Nilimwambia ni umri. Nilikuwa nimewasikia dada zangu wakisema kwamba mwanamke akikaribia kukoma hedhi, mwezi hupoteza mpango wake. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba hilo ni kweli, hutokea. Kosa langu lilikuwa kulifanya jibu kabla ya mtu yeyote kumpima.

Hata hivyo sikumpuuza, na hapo ndipo ninapojishangaa hadi leo. Kwetu mwanamke aliyepoteza damu analishwa njahi. Ni maharagwe meusi yenye mstari mweupe mgongoni, na aliyetoka kujifungua hupikiwa hayo kwa ndizi, kila siku, mpaka mashavu yarudi. Basi mimi nikaenda soko la Kiriaini, ambako njahi huwa nzuri, nikaleta mfuko. Nikaingia jikoni mwenyewe. Mwanamume wa rika langu kusimama juu ya sufuria lilikuwa jambo la kutazamwa, na kwa kweli walinitazama. Jirani yetu alikuja kuazima ungo, akanikuta nikiponda ndizi kwa mwiko.

"Ati bwana anapika njahi?" akamuuliza mke wangu kwa sauti ya kunifikia. "Kwani umezaa lini na hukutualika?"

Mke wangu akacheka. "Nimezaa uvivu," akasema. "Wacha nami nilishwe kama wewe."

Wakacheka wote wawili, nami nikacheka. Alikula. Rangi ilirudi kidogo, nikaamini kwamba nimemponya. Aliponiambia mara ya pili, na hii ilikuwa baada ya mavuno, nilimjibu, "Lakini si unakula vizuri?" Hakusema tena. Siku chache baadaye aliomba waya.

Hivyo ndivyo nilivyoishi na jambo hilo: nikijaza damu kwa sahani, bila kuuliza inatokea wapi. Maumivu ya mgongo ndiyo yaliyotupeleka hospitali, yalipofika mahali hawezi kuinama kung'oa gugu. Daktari alituuliza hali ile imekuwepo kwa muda gani. Mke wangu alinitazama. Mimi ndiye niliyejibu. Nikasema, "Si muda mrefu."

Hakunipinga. Alikuwa mke aliyelelewa kutompinga mumewe mbele ya watu, na mimi nilikuwa mume aliyelijua hilo.

*

Sasa niko peke yangu. Vijana wangu wawili wako mbali na kazi zao, na binti yangu ameolewa upande wa Kianyaga, ambako anafundisha shule ya msingi. Ninaye ng'ombe mmoja, kahawa iliyobaki na redio. Asubuhi ninakata majani ya nepia, nakamua, napeleka maziwa barabarani, na nikirudi nyumba iko vilevile nilivyoiacha, kikombe mahali pake, kiti mahali pake. Mtu aliyeishi na wengine hachoki kushangaa jinsi vitu visivyosogezwa na mtu mwingine vinavyokaa vikikungoja. Jioni huwa nazima redio ili nisikie kama kuna mtu anayeita kwenye lango. Hakuna anayeita. Naiwasha tena.

Likizo ya Agosti binti yangu alikuja. Watoto wake walikuwa wamebaki na bibi yao mzaa baba, na mumewe, dereva wa lori la masafa marefu, alikuwa safarini. Alisema amekuja kunisaidia kupalilia. Nilifurahi kiasi cha kuona aibu. Nilipaka kiti chake rangi.

Lazima nieleze jambo moja. Binti huyu ndiye wa kwanza, kwa hiyo alipewa jina la mama yangu mzazi, kama ilivyo desturi yetu. Ndiyo maana tangu akiwa mtoto mchanga nimemwita "mama". Simwiti hivyo kwa mzaha. Nilipokuwa nikimkemea utotoni, ulimi wangu ulikuwa mzito, kwa sababu nilikuwa kama ninayemkemea aliyenizaa. Kuna mambo ambayo baba hamwambii binti yake, na kuna mengine zaidi ambayo mtu hawezi kumwambia mama yake. Kwangu mimi yote yalikuwa yamekaa kwa mtu mmoja.

Siku za mwanzo za likizo niliona leso yake ya kujifunga imeanikwa kwenye waya wa nyuma ya stoo. Nilikuwa nimeenda kuchukua panga. Upepo uliinua ncha ya leso, nikaona chini yake vitambaa vidogo na shuka lililofuliwa sehemu moja tu. Niligeuka haraka. Nilijiambia ni mambo ya wanawake, ya kila mwezi, na mzee hana haja ya kuyatazama.

Siku zile zikapita, nguo zikaanuliwa. Haukupita muda mrefu, leso ikarudi palepale.

Nilisimama na panga mkononi. Alikuwa ametafuta mahali pa kuficha, na mahali alipopata ni palepale alipopatumia mama yake, bila kuambiwa na mtu. Siku hiyo tulipokuwa tunapanda kutoka mtoni na mizigo ya nepia, alisimama mara nyingi. Alisema anatazama mlima. Mlima Kenya haukuonekana siku hiyo hata kidogo, mawingu yalikuwa yamefika hadi mjini.

Sasa nitaeleza nilichofanya, na ninajua kitaonekana cha kijinga. Nilioga, nikavaa koti, nikaenda Kiriaini kununua njahi.

Sikuwa nimefikiri. Miguu ilinipeleka. Nilizichagua punje kwa mkono, nikarudi, nikawasha kuni na kubandika sufuria. Binti yangu alikuwa shambani. Njahi zilipoanza kunukia, harufu ile nzito kama ya udongo uliolowa, nilifunua kifuniko nikoroge. Mvuke ukanijia usoni, na nikajua niko wapi. Nilikuwa nimesimama mahali pale pale, na mwiko ule ule, nikimpikia mtu mwingine kifo kile kile.

Nilikaa kwenye kigoda na kifuniko mikononi hadi kikapoa. Kichwani nilimtafuta mwanamke wa kumtuma azungumze na binti yangu. Dada zangu wote wameshazikwa. Shemeji yangu amesahau hata watoto wake. Mke wa mchungaji ni mwema, lakini akiambiwa neno kabla ya ibada, baada ya ibada huwa ni tangazo. Nikawaza mmoja mmoja hadi nikaishiwa. Hapakuwa na mtu aliyebaki ila mimi.

*

Nilimpakulia. Alipoona sahani, alicheka.

"Njahi, baba? Kwani ni nani amezaa?"

Nilitaka kucheka nikashindwa. Nikasema, "Mama, nguo zile ziko nyuma ya stoo..."

Kijiko chake kilisimama.

"Umeanza kuchungulia waya, baba?"

"Waya niliufunga mimi."

"Na kwa hivyo?"

"Nimeziona mara mbili. Na mara mbili hizo ziko karibu sana."

Aliweka sahani chini. Nilimwona usoni ile haya ya mtu aliyefumaniwa, kisha hasira ikaja juu yake kuifunika. "Hiyo si maneno yako," alisema. "Kweli baba, hiyo si maneno yako. Ni sindano ya kupanga uzazi. Huwa inachanganya siku, kila mtu anajua. Hata wenzangu shuleni iko hivyo."

"Nani amekupima akasema ni sindano?"

"Si lazima mtu anipime!"

"Mimi nilisema ni umri," nikamwambia.

Hakuelewa. Nikaendelea, nikitazama moto, kwa sababu nilijua nikimtazama yeye nitanyamaza. "Mama yako hakufa na tumbo. Ilikuwa huko chini. Ilianza hivi hivi, katikati ya mwezi. Aliniambia, na mimi nikampikia njahi."

Kuni zilikuwa mbichi kidogo, zilikuwa zikilia.

"Sisi tulisema tumbo," alisema mwishowe. "Kila nikienda kliniki wananiuliza, kwenu kuna mtu amekuwa na saratani? Nasema hakuna. Nawaambia mama yangu alikuwa na vidonda vya tumbo. Mimi ndiye nafundisha wasichana wa darasa la saba. Nawaambia msione haya, mwili ni mwili. Kumbe kwetu sisi tulizika mtu na ugonjwa ambao si wake."

Alitoka nje. Sahani yake ilibaki pale, na asubuhi niliikuta njahi imekauka juu kama ngozi.

Siku iliyofuata hakusema nami. Alipalilia mistari ya juu, nami ya chini. Nilikuwa nimezoea kimya cha nyumba yenye mtu mmoja. Kimya cha nyumba yenye watu wawili ni kizito zaidi, kwa sababu unasikia viatu vya mwenzako vikizunguka kukukwepa. Nilijua anaweza kufunga mkoba wake arudi Kianyaga, aendelee kusema ni sindano, nami nisiwe na la kufanya ila kungoja kupigiwa simu. Nilijua pia kwamba kama atafanya hivyo, nitakuwa nimemfundisha mimi.

Jioni nilikuwa nakamua. Alikuja akasimama kwenye mlango wa zizi.

"Tutaenda Nyeri kesho," alisema. "Lakini njiani usiniulize kitu. Na hapo hospitali usijifanye unajua."

"Sawa, mama."

"Na usiniite mama hapo."

*

Kliniki ya wanawake ilikuwa na benchi ndefu kwenye varanda. Nilikuwa mwanamume pekee. Niliketi pembeni, kofia magotini, na nikajaribu kuwa mdogo. Haikusaidia. Mwanamke mmoja kijana mwenye mimba kubwa alinitazama kwa muda, kisha akainama mbele.

"Guka, babu yetu, umepotea? Ya macho iko ile jengo ingine."

"Sijapotea."

"Basi uko na miezi mingapi?"

Benchi yote ikacheka. Binti yangu alijifunika uso kwa leso. Nikaona kwamba nikinyamaza aibu itakuwa yake, si yangu, nikajibu, "Mingi sana, hata nimesahau. Wananiambia ni mapacha."

Walicheka hadi muuguzi akachungulia. Mama mmoja wa makamo, mwenye sweta ya kahawia, akawaambia wenzake, "Muacheni guka wa watu. Wangu hata geti ya hospitali hajawahi kuiona. Nafikiri anadhani watoto wake waliletwa na lori ya maziwa."

Nilimtazama binti yangu. Mabega yake yalikuwa yakitikisika chini ya leso, na kwa kitambo sikujua kama anacheka au analia. Alipofunua uso alikuwa anacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu njahi.

Jina lake lilipoitwa niliinuka naye hadi mlangoni. Daktari alikuwa msichana, mdogo kuliko binti yangu. Akauliza kama anataka niingie.

"Atakaa nje," binti yangu alisema. "Lakini kwanza aseme ya mama."

Nilisimama kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani. "Mama yake alikufa," nikasema. "Alikuwa mgonjwa huko chini."

"Huko chini wapi, mzee?" daktari akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua.

Nyuma yangu benchi yote ilikuwa ikisikiliza. Nilikuwa sijawahi kulitamka neno lile kwa kinywa changu, kwa lugha yoyote. Nikalitamka. "Saratani ya mlango wa kizazi."

"Alikaa na dalili muda gani kabla ya kupimwa?"

Nilisikia swali lile likitoka mbali sana. Ni lile lile, na hata chumba kilifanana. Safari hii hapakuwa na mtu wa kunitazama na kunyamaza.

"Zaidi ya mwaka," nikasema. "Aliniambia mara mbili. Sikumleta."

Daktari aliitikia kwa kichwa, akafunga mlango. Nilirudi kwenye benchi. Yule kijana mwenye mimba alisogea kunipa nafasi, na hakunitania tena. Ningependa angenitania.

Walimkalisha ndani muda mrefu. Alitoka akaenda maabara, akarudi, akaingia tena. Halafu mlango ukafunguliwa, akaniita kwa kidole, kama mwalimu anavyomwita mtoto aliyesimamishwa nje.

"Muelezee na yeye," alimwambia daktari. "Nikimwelezea mimi atasema ni umri."

Daktari alieleza bila haraka. Damu ya katikati ya mwezi, alisema, si ugonjwa wenyewe, ni habari kwamba kuna kitu, na kitu hicho kinaweza kuwa kingi. Sindano au kijiti cha kupanga uzazi huweza kuileta, hasa mwanzoni, au mtu akichelewesha sindano. Mimba changa inayoharibika huweza kuileta, ndiyo maana walipima mimba kwanza, na haikuwepo. Maambukizi huweza kuileta, na uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, na hata tezi ya shingo ikifanya kazi vibaya. Kwa walio karibu kukoma hedhi, umri pia. Na wakati mwingine ni saratani.

"Kwa hiyo mtu hawezi kukisia akiwa nyumbani," alisema. "Anapaswa kuangaliwa."

Alikuwa ameangalia. Kwenye mlango wa kizazi alikuta kinyama kidogo chekundu kikining'inia, laini, na kikiguswa kinatoa damu. Alikuwa amekitoa palepale. Vinyama vya namna hiyo mara nyingi havina ubaya, alisema, lakini yeye pia hatakisia. Kitaenda maabara, pamoja na kipimo kingine cha saratani ambacho binti yangu alikuwa hajawahi kufanyiwa. Damu ilikuwa imepungua mwilini, akampa vidonge vya madini ya chuma.

"Njahi je?" nikauliza.

Binti yangu alifumba macho.

"Ale," daktari akasema. "Ni chakula kizuri. Tatizo ni kuila badala ya kuja."

Kulikuwa na swali jingine, na sikutaka kuliuliza mbele ya binti yangu, lakini sikuwa na nafasi nyingine. Niliuliza kama huu ni ugonjwa wa kurithi, kama tulivyorithisha jina. Alisema hapana. Saratani ile huletwa zaidi na virusi ambavyo watu wengi huvipata bila kujua, na mwili huviondoa. Vikikaa miaka mingi ndipo vinaharibu. Kila mwanamke anapaswa kupimwa, awe mama yake aliugua au hakuugua.

"Na mama yake," nikasema. "Kama ningemleta mara ya kwanza aliponiambia?"

Daktari alinitazama, kisha akamtazama binti yangu. "Siwezi kujua, mzee," alisema. "Ila mapema huwa kuna la kufanya."

Tulitoka. Mjini kulikuwa na jua kidogo, na mlima ulikuwa umejifunua juu, ncha tupu bila kitako. Binti yangu aliutazama na safari hii ulikuwepo kweli. Hatukuzungumza, kama alivyoagiza.

*

Asubuhi iliyofuata alifua. Niliposikia maji nilikwenda zizini nikajishughulisha na kamba ya ng'ombe. Niliporudi, vitambaa vyake na shuka lile vilikuwa kwenye waya wa mbele, juani, bila leso juu. Jirani yule yule wa ungo, ambaye sasa anatembea na fimbo, alipita na mtungi wake wa maziwa akasalimia. Binti yangu akamwitikia. Hakuna aliyekufa kwa kuona.

Shule zilipofunguliwa aliondoka. Majibu yalikuwa hayajatoka. Aliahidi kupiga simu, nami nikaahidi kutomsumbua, na kuanzia hapo nikawa mtu asiyefaa kitu. Nilisahau chumvi ya ng'ombe. Nilibeba simu hadi kwenye kahawa, nikaitundika tawini ndani ya mfuko wa plastiki, na kila ndege alipolia nilidhani ni yenyewe. Nilijaribu kuomba, lakini maneno yangu yote yalikuwa ya zamani, yale niliyoyasema nikimwombea mama yake, na niliogopa kuyatumia tena.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hapakuwa na mtu wa kungoja naye. Mtu pekee ambaye angejua ninachokiogopa ni marehemu mke wangu, niliyemfundisha kunyamaza. Jioni moja nilimwambia, kwa sauti, nikiwa nimesimama nyuma ya stoo, kwamba mtoto amepimwa. Nilijisikia mjinga nikaingia ndani.

Simu ilikuja mchana, nikiwa kwenye mistari ya chini.

"Baba."

"Naam."

"Ni kinyama tu. Hakina ubaya. Na kile kipimo kingine kiko sawa, nitarudia wakati wakisema."

Nilikaa chini kwenye majani makavu ya kahawa. Nikauliza, na sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine, "Na damu? Bado inatoka katikati?"

Nikasikia watoto wa shule wakipiga kelele nyuma yake, na mlango ukifungwa.

"Haijatoka," alisema. "Ya mwezi imekuja kwa siku zake, ikaisha. Basi."

"Ikitoka utaniambia?"

"Nitakuambia."

"Hata kama ni kidogo?"

"Hata kama ni kidogo, baba." Akavuta pumzi. "Lakini ya mama bado sijaimaliza. Nisikudanganye. Nikiwa darasani inanijia. Nafikiria vile alikuwa anaficha, na sisi tukicheza hapo mbele. Sijui nitaimaliza lini."

"Usiharakishe," nikamwambia. "Hata mimi sijaimaliza."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Nilikuwa sijala. Nilimwambia hivyo. Alinigombeza, kwa sauti ya mama yangu kabisa, halafu kengele ikalia upande wake na akakata.

Nilipanda nyumbani polepole. Shati langu la kanisani lilikuwa limelowa kwenye beseni tangu jana. Nikalisuuza, nikalikamua, nikalianika kwenye waya wa mbele. Ule wa nyuma sijauondoa. Umeshika kutu pale ulipofungwa, na mparachichi umekua ukaumeza upande mmoja, kwa hiyo kuung'oa ni kuumiza mti. Nilibandika njahi zilizobaki kwenye mfuko, kisahani kimoja tu, nikakaa karibu na moto nikingoja ziive. Nilikuwa nimefurahi sana. Nilitazama kigoda cha pili, kisha mlango, kisha sufuria. Mtu wa kumwambia hakuwepo.